Stepla gani, pini gani: ulinganisho kutoka kaunta ya saiba

Alhamisi usiku ndio mtihani wa mwenye saiba yeyote, duka la kopi na intaneti, hapa katikati ya jiji la Nairobi. Mazishi mengi huwa Ijumaa na Jumamosi, mabasi ya ushago yanaondoka usiku, na programu ya mazishi inaletwa ikiwa bado kwenye simu ya mtu, picha ya marehemu imelala ubavu. Usiku mmoja kama huo nilikuwa na programu 300 za kurasa 16. Wenyewe wameketi kwenye benchi, kimya, basi lao ni saa nne. Stepla yangu ndefu ikatoa pini moja safi, ya pili ikatoka mguu mmoja, ya tatu haikutoka kabisa. Kijana anayenisaidia akaipiga kiganja. Ikameza nyingine.

"Mathe, hii imekufa."

Haikuwa imekufa. Ubavuni imeandikwa 26/6, naye alikuwa ameilisha 24/6. Ukiziweka pini hizo mbili kiganjani utaapa ni mapacha.

Nimekaa nyuma ya kaunta muda wa kutosha kuletewa stepla nyingi zinazosemekana zimeharibika, na nyingi kati ya hizo hazikuwa na ugonjwa wowote ila kujazwa vibaya. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue ipi, sianzi na swali la pesa. Namwuliza pini zipi zinapatikana karibu naye, anabana karatasi ngapi kwa mpigo mmoja, na ni nani mwingine ataishika hiyo stepla akiwa hayupo. Hilo la mwisho watu hulicheka. Wasilicheke. Stepla ya mtu mmoja na stepla ya ofisi nzima ni wanyama wawili tofauti.

Namba za kwenye kisanduku

Kisanduku cha pini kina namba mbili na mkwaju katikati. Ya kwanza ni unene wa waya, na inasomwa kinyumenyume: namba ikipanda, waya unakonda. Pini ya 26 ni nyembamba kuliko ya 24, na ya 24 ni nyembamba kuliko ya 23. Namba ya pili ni urefu wa mguu kwa milimita. Kwa hiyo 24/6 na 26/6 zina mguu uleule wa milimita 6, na mgongo wake una upana uleule wa karibu milimita 13. Tofauti yote iko kwenye unene wa waya, kitu ambacho jicho halikioni lakini mdomo wa stepla unakihisi mara moja.

Stepla ya 24/6 kwa kawaida huikubali 26/6 bila ugomvi, kwa sababu waya mwembamba unapita penye nafasi pana. Kinyume chake ndicho kilichotupata usiku ule: waya mnene kwenye mdomo mwembamba. Utabana mara moja au mbili, kisha pini inakaa shingoni kama mwiba wa samaki. Stepla nyingi siku hizi zimeandikwa namba zote mbili, 24/6 na 26/6, na kama unaanza ofisi leo, nunua hiyo ujipunguzie kesi.

Mguu mrefu nao una balaa yake. Pini ya 24/8 ukiitia kwenye stepla iliyotengenezewa 24/6 peke yake, ufito, yaani mstari wa pini zilizogandana, hauketi vizuri kwenye mfereji wa stepla, kichwa hakifungi, na mtu asiye na subira anakilazimisha kwa kiwiko.

Kuna pia pini ya namba 10, ambayo haifuati hesabu hiyo. Kumi ni jina tu. Ni pini ndogo, mgongo wake haufiki sentimita moja, mguu wake kama milimita 5, na inaingia kwenye stepla za namba 10 pekee. Ukiitia kwenye stepla ya mezani inacheza kwenye mfereji, inalala ubavu, na kesho utanunua nyingine.

Sasa hesabu ninayomfundisha kila anayekuja kufanya kazi hapa. Karatasi ya kawaida ya kopi, ile ya gramu 80, ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Chukua rimu ya karatasi 500 uipime kwa rula, utapata kama sentimita 5. Pini nayo, ili ishike, inataka kubakiwa na milimita 2 au 3 za mguu upande wa pili za kujikunjia. Basi mguu wa 6 ukitoa 3, zinabaki milimita 3, ambazo ni karatasi 30. Hapo ni ukutani. Mimi nikifika 20 nasimama na kuangalia stepla nyingine, kwa sababu karatasi za wateja huja zimekunjwa, zimelowa jasho la mfukoni, na nyingine zina kadi ngumu juu.

Ndogo ya mkononi na ya mezani

Ile ndogo ya namba 10 unaijua hata kama hujui jina lake: Kangaro, au Max HD-10, au moja ya nakala zao zisizohesabika. Inaingia mfukoni mwa koti. Kuijaza ndiko rahisi kuliko zote. Unainua kichwa hadi kiishie, springi inavuta kisukumio nyuma yenyewe, mfereji unabaki wazi kama mtumbwi. Unalaza ufito mmoja wa pini 50, miguu ikitazama chini, unashusha kichwa hadi kikae. Basi. Wengi hawajui kwamba ule ulimi bapa uliochomoza nyuma yake ni wa kung'olea pini; nimeona watu wakitumia meno na ulimi huo wameushika mkononi.

Hatari yake ni ndogo lakini ipo. Ukiwa umeinua kichwa kisha ukakiachilia ghafla, kisukumio kinarudi mbele kwa nguvu ya springi, na kama kucha yako iko mferejini utaisikia. Na wakati wa kufunga, usikandamize hadi chini ukidhani unakaza. Ukikandamiza inatoa pini, na kidole kilichokuwa kikishikilia chini ndicho karatasi.

Udhaifu wake ni tumbo dogo. Karatasi 10 inazimaliza kwa raha, 15 kwa kulalamika. Wanafunzi wa chuo wanailaumu bure: mtu anachukua tasnifu ya karatasi 40, anaweka chini ya kistepla cha namba 10, anapanda juu yake kwa uzito wote wa mwili. Pini inapinda katikati ya safari, nusu iko kwenye karatasi na nusu iko mdomoni.

Ya mezani ya 24/6 ina uti wa mgongo mrefu zaidi, inakaa imara, na inabana kwa kugonga badala ya kufinya, jambo ambalo mkono wako utalishukuru jioni. Lakini inakuja na kitu kimoja ambacho kimenisababishia malalamiko kuliko springi zote: kile kibati cha chini, fuawe yake, ambacho kina mifereji ya namna mbili na kinaweza kuzungushwa. Upande mmoja unakunja miguu kwa ndani, ikakumbatiana. Upande wa pili unaitawanya kwa nje, na hiyo ni pini ya muda, ya kushikilia karatasi ambazo utazitenganisha baadaye kwa kuvuta tu. Karani wa ofisi moja ya mawakili alinirudishia stepla mara mbili akisema "mama, hii inabana kama inaogopa." Kibati kilikuwa kimegeuzwa. Mtoto wa mtu alikichezea.

Kugeuzwa kabisa si tatizo. Tatizo ni kibati kilichosimama njiani, hakiko huku wala kule. Miguu ya pini inashuka inakutana na chuma bapa, inajikunja kama tambi, na inarudi juu mdomoni. Kabla hujalaumu pini au springi, tazama chini kwanza. Kisukume kwa kidole kutoka chini, kizungushe, kiachie hadi kikae chenyewe.

Nikiambiwa nichague moja: mwalimu anayebeba karatasi za wanafunzi kwenye matatu, namba 10, tena pini zake zinapatikana hata duka la vitabu la mtaani Umoja au Kawangware. Aliye na meza, ya 24/6, bila kufikiria sana.

Inayofunguka juu na inayotema ulimi

Hapa ndipo watu hawaulizi wakiwa dukani, na ndipo wangeuliza kwanza. Stepla za mezani hujazwa kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza inafunguka juu: unainua kichwa, unaona mfereji wote. Ya pili unabonyeza kitufe nyuma, na reli ya pini inachomoka mbele kama ulimi. Unauvalisha ufito wa pini, miguu ikining'inia pande zote mbili, kisha unaurudisha hadi usikie mlio wa kujifunga.

Inayotema ulimi ni nzuri machoni. Haina mfereji wazi wa kuingiza vumbi, na mtu mmoja mwangalifu ataitumia miaka. Lakini ulimi wake unatoka kwa kasi. Mara ya kwanza kuijaza nilikuwa nimeielekeza tumboni, pini zikanirukia kwenye sweta, nikazitafuta hadi jioni. Tangu siku hiyo naielekeza mezani, kiganja cha mkono wa pili kimekinga mbele, ndipo nabonyeza. Usiijaze ukiwa umeishika mbele ya uso ukitafuta mwanga wa dirisha. Na usipousikia ule mlio wa kujifunga, usibane. Ulimi utarudi mbele katikati ya kazi na pini zitatoka zimeinama.

Ubaya wake mkubwa ni kwamba ikikwama sawasawa, pini iliyopinda huuzuia ulimi wenyewe kutoka. Umefungiwa nje ya nyumba yako. Inayofunguka juu ikikwama, unafungua, unaona mwizi, unamtoa.

Kwa hiyo kwa kaunta ambayo kila mteja anashika, kwa chumba cha walimu, kwa mapokezi ya zahanati, chukua inayofunguka juu hata kama inaonekana ya kizamani.

Ikikwama

Kwanza, acha kupiga. Kila pigo juu ya pini iliyokwama linaongeza pini ya pili nyuma yake, na mbili ni ngumu mara tano kuliko moja. Fungua, toa ufito wote uliobaki uuweke kando, maana springi inayosukuma ndiyo inayomkaza mwizi shingoni. Ikiwa ni ya stima, chomoa waya ukutani kabla ya lolote. Kisha tazama mdomo kutoka upande, kamwe si kutoka mbele kwa jicho wazi huku kidole kiko juu ya kichwa.

Chombo bora nilichowahi kutumia ni kibanio cha nyusi cha shilingi chache. Kinashika waya bila kukwaruza mdomo. Koleo jembamba la fundi simu pia linafaa. Kisu hakifai: kinateleza, na ukikigandamiza mdomoni unapanua njia ya pini, ambayo ikishapanuka pini mbili zitaanza kutoka pamoja kama watoto wa shule. Ukishatoa kilichopinda, gonga mara mbili bila pini ndani uone kile chuma bapa kinachosukuma pini chini kinashuka na kupanda kwa uhuru, ndipo urudishe ufito. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye springi linasaidia, kisha futa sana. Niliwahi kusahau kufuta na hati ya mauzo ya gari la mtu ikatoka na doa la mafuta kwenye sahihi. Nililipa kopi mpya na kusafirisha watu wawili kuja kusaini upya.

Jambo dogo linalokwamisha kuliko yote ni makombo. Ufito umeganda kwa gundi nyepesi, na ukianguka chini unakatika vipande vya pini tatu, nne. Watu hawapendi kutupa kitu, kwa hiyo wanavitumbukiza vyote mferejini. Kipande kifupi hakina mwili wa kujisimamisha. Kinalala ubavu, kisukumio kinakipanda juu. Tupa. Ila usitupe ovyo: vifunge kwenye karatasi au uvigandishe kwa utepe kwanza. Anayefagia anaokota kwa mkono, na mtoto anayetambaa anaweka kila kitu mdomoni. Na unyevu nao ni adui, kwa hiyo kisanduku kisikae kwenye dirisha linalovuja. Pini yenye kutu haitelezi.

Ukichomwa kweli, na iwe imeingia ndani, iache itoke damu kidogo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, na kama hukumbuki sindano yako ya mwisho ya pepopunda, pitia kliniki siku hiyohiyo. Mimi nilichomwa kidole gumba, nikajifanya shujaa hadi usiku. Sindano ilikuwa afadhali kuliko ule wasiwasi.

Ndefu na nene

Hizi mbili huchanganywa sana, kwa sababu zote zinaonekana za watu wa kazi. Mtu anaomba stepla kubwa, anauziwa nene, kumbe alitaka ndefu.

Ndefu ni ya vijitabu. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297. Ukiikunja kati kupata kijitabu, mstari wa kukunja uko milimita 148 na nusu kutoka ukingoni. Stepla ya kawaida haifiki huko, koo lake ni fupi. A3 iliyokunjwa kuwa A4, ile ya karatasi za mitihani ya shule, inataka milimita 210. Stepla ndefu inafika zote mbili, nyingi zina mkono wa kama sentimita 30, na nyingi zinakula pini zilezile za kawaida, 24/6 au 26/6. Soma ubavu. Nasisitiza kwa sababu unajua yaliyonipata.

Kuijaza ni kama ya mezani, tofauti ni uzito wa mkono: ukiinua kichwa chake kirefu kishikilie, kisikuangukie juu ya vidole vilivyo mferejini. Kuna kidude cha kuzuia karatasi kinachotelezeshwa kwenye reli ya chini na kukazwa kwa skrubu. Kipime mara moja kwa kijitabu cha kwanza, kaza, kisha kimbia na 299 zilizobaki. Jalada litazame juu, ili mgongo wa pini ukae nje na miguu ijikunje ndani katikati ya kijitabu. Wanaobana kwa upande wa pili wanampa msomaji meno ya kumkwaruza kila akifunga.

Wasio nayo hutumia njia ya mkato: wanafungua stepla ya kawaida ikalala wazi, wanaweka kijitabu juu ya kadibodi nene, wanapigia pini kwenye kadibodi, kisha wanageuza na kukunja miguu kwa mgongo wa kijiko. Inafanya kazi kwa vijitabu vitano. Ila stepla iliyo wazi haina fuawe chini yake, na pini inatoka nayo kwa kasi yote. Hakuna mkono unaopaswa kuwa upande wa pili.

Nene ni mambo mengine. Hii ndiyo yenye mpini kama wa jeki, na pini zake ni za 23: 23/8, 23/10, 23/13, 23/17, hadi 23/24. Waya wa 23 hautoki kwenye stepla ya kawaida, usijaribu. Hapa hesabu ya milimita ndiyo mfalme. Karatasi 60 ni milimita 6, ongeza 3 ni 9, basi chukua 23/10. Karatasi 100 ni milimita 10, ongeza 3, ni 23/13 kamili. Karatasi 140, 23/17.

Kosa la kawaida ni kuweka pini ndefu kabisa "ili itoshe zote". Pini ya 23/17 kwenye karatasi 40 inabaki na mguu wa zaidi ya sentimita moja upande wa pili. Miguu inapishana, inarudi juu ikipasua karatasi, na inakungoja hapo imenyooka. Au inajiviringa ndani ya fuawe na karatasi zako zinabaki zimeshikwa. Fupi mno nayo inaingia bila kutokea, unafikiri umebana, ukiinua fungu kurasa tano za mwisho zinabaki mezani.

Kuijaza, funga mpini kwanza kama una kifungio; kama hauna, iweke mezani, mpini juu, na mtu mwingine asiuguse. Vuta kisukumio nyuma hadi kinase, laza ufito, kiachie polepole kwa kidole, usikiachie kirukie mbele. Kila unapobadilisha urefu wa pini, jaribu kwanza kwenye karatasi chakavu za unene uleule. Karatasi chakavu hazikosekani Nairobi.

Je, unaihitaji? Miaka ya nyuma ningekwambia ndiyo bila kusita, hasa ukiwa karibu na mahakama za Milimani. Lakini tangu Julai 2020, kesi za Nairobi zilipoanza kufunguliwa kwa njia ya mtandao, mafungu ya karatasi 100 yamepungua kwenye kaunta yangu. Yangu sasa inapumzika siku tatu kwa wiki. Ni ghali, ni nzito, na pini zake huzikuti kwa kioski; unashuka hadi kwenye maduka ya jumla ya River Road, na ukipata urefu unaoutaka unanunua visanduku viwili. Kama fungu kubwa kwako ni mara moja kwa mwezi, lilete saiba tukubanie.

Bunduki za mafundi

Pita Ngong Road penye mafundi wa sofa, au uingie Gikomba upande wa mbao, utasikia mlio wake kabla hujaiona. Hizi bunduki za stepla hazina fuawe kabisa: pini inakwenda moja kwa moja ndani ya mbao. Ya mkono ina kishikio cha kufinya na springi kali. Ya upepo inaunganishwa na kompresa kwa bomba. Mimi nina ya mkono, ya kutundikia vitambaa vya matangazo kwenye fremu.

Ya mkono nyingi zinajazwa kwa fimbo iliyo nyuma: unaisukuma ndani kidogo, unaishusha au kuizungusha itoke kwenye ndoano yake, unaivuta nje, unaigeuza bunduki juu chini, unateremsha ufito mferejini. Kwa kuwa umeigeuza, miguu ya pini sasa inatazama juu. Wengi hukosea hapo, wanaiweka kama ya mezani. Fimbo ile ina springi, kwa hiyo kidole gumba kisiondoke mwisho wake hadi irudi kwenye ndoano. Na kishikio kiwe kimefungwa kwa kile kipete chake wakati wote wa kujaza.

Pini zake hazihusiani na za ofisini. Zimeandikwa 13 au 53 kwa waya mwembamba, 140 au T50 kwa waya bapa, na bunduki ya moja mara nyingi haikubali nyingine. Nenda dukani na bunduki yenyewe, au piga picha ya ubavu wake.

Ya upepo ina sheria moja isiyo na mjadala: tenganisha bomba kabla ya kujaza na kabla ya kugusa pini iliyokwama. Kuzima kompresa hakutoshi, upepo unabaki kwenye bomba. Kidole kisikae kwenye kifyatulio unapounganisha tena. Miwani ya kukinga macho ivaliwe, hata kama jirani yako fundi anakucheka.

Za stima, na zisizo na pini

Haraka hapa. Ya stima ni tamu kwa anayebana mamia ya karatasi chache chache, lakini nyingi zinataka pini safi za namba ileile moja tu, makombo yanaziua, na stima ikipotea unarudi kwenye ya mkono. Ile iliyo ndani ya mashine kubwa ya kopi ina katriji yake. Mashine yenyewe itakuonyesha mlango wa kufungua, nawe utoe katriji, uinue kile kifuniko cha mbele, uondoe pini iliyopinda, uirudishe hadi ilie. Na kabla hujalisha mashine karatasi za mteja, ng'oa pini zake zote. Pini moja ikipita juu ya kioo cha kulishia, kila kopi itakuwa na mstari mweusi.

Isiyo na pini inakata ulimi mdogo kwenye karatasi na kuupenyeza kwenye tundu lake mwenyewe. Haijazwi, haichomi, watoto wanaweza kuitumia. Lakini karatasi zipatazo 5 ndio mwisho wake kwa nyingi, na karatasi ikiloa inajifungua. Nyumbani, sawa.

Kaunta yangu sasa ina nne: namba 10 kwenye droo, ya mezani ya wateja inayofunguka juu na niliyoifunga kwa kamba mguuni mwa meza (ya tatu hiyo, mbili za kwanza ziliondoka na wenyewe), ndefu, na nene. Kila moja ina utepe wa rangi, na kisanduku cha pini zake kina utepe wa rangi hiyohiyo. Ndefu ni nyekundu. Utepe niliubandika usiku uleule.

Maana tulifungua, tukatoa ufito wa 24/6, nikaing'oa iliyopinda kwa kibanio cha nyusi, na kijana akakimbia chini kutafuta 26/6 kabla duka la mwisho halijafunga. Vijitabu 300, pini mbili kila kimoja, ni fito 12. Alijaza mara 12, mimi nikibana, na haikukwama tena hata mara moja. Saa tatu na nusu tukafunga kwenye katoni. Mzee wao akachukua cha juu, akakifungua katikati, akapitisha kidole gumba polepole juu ya miguu ya pini kuona kama inachoma. Akakifunga, akakirudisha kwenye katoni, akaniambia, "Asante, mama," wakashuka ngazi.